Anza na Shimo Moja: Namna ya Kusoma Vitabu vya Akiolojia ya Amerika

Kitabu changu cha kwanza cha akiolojia ya Amerika nilikinunua kwa muuza vitabu vilivyotumika, aliyekuwa amevitandaza juu ya turubai kando ya barabara. Kilikuwa kizito kama tofali la kuchoma na kina picha nzuri, nikadhani nimepata. Kilianza enzi ya barafu kikamalizia kwenye reli na viwanda. Sikufika popote. Kila ukurasa ulileta utamaduni mpya, kila utamaduni ulibeba jina la kijiji au mto nisioujua, na nilipofika ukurasa wa sabini nilikuwa nimeshasahau ya ukurasa wa ishirini. Kikakaa kabatini miaka miwili. Kilichonirudisha ni kitabu chembamba kilichohusu mahali pamoja tu: nani alipachimba, alichimba vipi, alitoa nini. Nilipokimaliza hicho, lile tofali likaanza kusomeka, maana sasa nilikuwa na mahali pa kusimama.

Mwongozo huu unafuata njia hiyo: shimo kwanza, bara baadaye. Nimemlenga msomaji wa kawaida anayeweza kusoma Kiingereza cha gazetini, kwa kuwa vitabu hivi karibu vyote viko kwa Kiingereza, na vya upande wa kusini kwa Kihispania.

1. Jua unaulizia Amerika ipi

Hapa Kiswahili kimetubeba. Tunayo maneno mawili: Amerika ni bara, Marekani ni nchi. Kiingereza kina neno moja kwa vyote viwili, na jalada la kitabu halikwambii lipi limekusudiwa. Mara nyingi kitabu kinachojiita cha akiolojia ya Amerika ni cha Marekani tu, labda na kipande cha Kanada. Wamaya, Waazteki na Wainka wana rafu yao. Fungua yaliyomo, tazama ramani ya kwanza, ndipo ulipe.

Kuna mgawanyo wa pili, wa wakati. Wamarekani wamezoea kugawa akiolojia yao mafungu mawili, ya kale na ya kihistoria, na mpaka wao ni kufika kwa Wazungu na maandishi yao. Mpaka huo unahama kwa mahali. Florida unaanzia karibu na 1565, Wahispania walipoanzisha St. Augustine. Virginia ni 1607. Pwani ya California ni 1769, misheni ya kwanza ilipojengwa San Diego. Kwa hiyo mwaka 1700 ni wa kihistoria Virginia, na bado ni wa kale California! Wenyeji wengi wa Amerika hawaupendi mgawanyo huu, na wana hoja: ni kama kusema historia yao ilianza siku mgeni alipoingia na kalamu. Wewe jua maana yake ukiwa dukani. Kitabu cha kihistoria kitakupa misumari, vigae vya kaure, viko vya udongo, ngome, nyumba za watumwa na mashimo ya vyoo. Kitabu cha kale kitakupa ncha za mikuki, matuta ya udongo, vyungu, mashimo ya nguzo za nyumba zilizooza.

2. Chagua shimo moja

Usichague kwa umaarufu. Chagua lenye swali linalokukera. Nitakutajia manne ninayoyajua, nawe ukipata la tano ni sawa.

La kwanza ni Folsom, New Mexico, na ndilo ninalompa kila anayeanza. Mwaka 1908 mafuriko makubwa yalichimbua korongo karibu na mji huo. Mchunga ng'ombe mmoja, George McJunkin, Mwamerika Mweusi aliyezaliwa mtumwa huko Texas na kujifunza kusoma baadaye, akaona mifupa imetokeza chini sana kwenye ukingo. Alikuwa amechinja na kuzika ng'ombe wa kutosha kujua kwamba hii si ya ng'ombe, wala si ya nyati wa siku zake. Akawaeleza watu kwa miaka. Hakuna mtaalamu aliyekuja. Akafariki 1922. Mwaka 1926 jumba la makumbusho la Denver ndilo lililopeleka wachimbaji, na mwaka 1927 wakakuta ncha ya jiwe iliyochongwa na binadamu ikiwa katikati ya mbavu za nyati wa jamii iliyokwisha kutoweka. Hawakuing'oa. Waliiacha palepale, wakapiga simu za maandishi kuwaita wataalamu waje waone kwa macho yao. Mpaka siku hiyo wakubwa wa fani walishikilia kwamba watu wameingia Amerika miaka elfu chache tu iliyopita. Ncha moja ndani ya ubavu ikawanyamazisha. Ukisoma kisa hiki kwa utulivu umeshajifunza nusu ya akiolojia: kitu peke yake hakisemi neno, kinachosema ni mahali kilipolala na kilicholala nacho.

La pili ni Cahokia, ng'ambo ya mto Mississippi kutoka St. Louis. Ulikuwa mji wenye maelfu ya watu kati ya karne ya 11 na ya 14, na tuta lake kubwa lina kimo cha mita 30 hivi, lote ni udongo uliobebwa kwa vikapu, maana huko hakukuwa na punda wala mkokoteni. La tatu ni Jamestown, Virginia, makazi ya kwanza ya Waingereza yaliyodumu. Kwa miaka mingi ilisemwa ngome ya 1607 imeliwa na mto. William Kelso alianza kuchimba 1994, na baada ya miaka miwili alama za nguzo za ukuta zikathibitisha kwamba sehemu kubwa bado ipo. La nne ni makaburi ya Waafrika ya New York. Hayo nitayarudia.

3. Tazama mwaka wa kitabu kabla ya jina la mwandishi

Pindua ukurasa wa hakimiliki. Mwaka ulioandikwa pale ndio tabaka unalochimba.

Chukua mfano wa matuta. Bonde la Mississippi na la Ohio yamejaa matuta ya udongo, mengine ya duara, mengine ya pembe nne, mengine ya umbo la wanyama. Karne ya 19 walowezi wa Kizungu walishikilia kwamba kazi hii haikufanywa na mababu wa Wenyeji waliokuwa wakiwafukuza. Ilifanywa, walisema, na kabila lililopotea: Waisraeli, Waviking, wowote wale ilimradi si hawa. Kitabu cha kwanza kabisa kuchapishwa na taasisi ya Smithsonian, mwaka 1848, ni cha Squier na Davis kuhusu matuta haya. Vipimo na ramani zake wataalamu wanavitumia hadi leo, kwa sababu matuta mengi waliyoyapima yamelimwa yakaisha. Maelezo yao ya nani aliyejenga usiyabebe. Mwaka 1894 Cyrus Thomas, baada ya miaka ya kuchimba maelfu ya matuta kwa fedha za serikali, alitoa ripoti nene iliyolizika kabila lililopotea: wajenzi ni mababu wa Wenyeji.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Zimbabwe Kuu nayo iliwahi kupewa kila mwenyewe isipokuwa Mwafrika, na magofu ya pwani yetu, Kilwa na Gedi, yalisomwa kwa miaka mingi kama miji ya wageni kutoka ng'ambo. Uzoefu huo ni mtaji. Ukiona kitabu cha Amerika kinahangaika kumtafuta mjenzi wa mbali, utakitambua haraka kuliko msomaji wa Boston.

Kwa hiyo kitabu cha zamani kisome kwa mkono mmoja na kipya kwa mkono mwingine. Kwa suala la watu wa kwanza kuingia Amerika, kumbuka miaka miwili. Kabla ya 1997 vitabu vingi vitakwambia watu wa Clovis, wawindaji wanaotambuliwa kwa ncha zao za mikuki, ndio wa kwanza, kama miaka 13,000 iliyopita. Mwaka huo kundi la wataalamu, wakiwemo wabishi, lilikwenda Monte Verde kusini mwa Chile, mahali Tom Dillehay alipoanza kuchimba 1977, na wengi wakakubali kwamba watu walikuwa pale miaka kama 14,500 iliyopita. Halafu 2021 zikatangazwa nyayo za binadamu za White Sands, New Mexico, zilizokadiriwa kuwa na miaka 21,000 hadi 23,000. Ubishi ukawaka upya. Kitabu cha 1985 hakina kosa kutoyajua hayo, lakini wewe ndiye utakayeaibika ukikinukuu leo kana kwamba ni habari ya asubuhi.

Maneno nayo hufichua umri. Watu waliojenga nyumba za mawe kwenye majabali ya Mesa Verde huitwa Anasazi katika vitabu vya zamani. Neno hilo ni la Wanavajo, na maana yake inakaribia mababu wa maadui, ndiyo maana wajukuu zao, Wapueblo, walilikataa. Vitabu vipya husema Wapueblo wa kale. Sisi tuna donda letu: Wahindi Wekundu wa vitabu vya shule. Hawakuwa Wahindi wala hawakuwa wekundu. Ninapoandika dondoo zangu kwa Kiswahili hutumia Wenyeji wa Amerika, na kila inapowezekana jina la taifa lenyewe.

Kama kitabu kimetoka mara mbili, tafuta toleo la pili. Kitabu kidogo cha James Deetz, In Small Things Forgotten, kilitoka 1977 na kurekebishwa 1996, na toleo la pili lina mengi zaidi kuhusu Waamerika Weusi. Ni kitabu ninachompa mtu asiyependa akiolojia. Deetz alikuwa na jicho la vitu vidogo. Alipitia makaburi ya New England akaonyesha mawe yake yanavyobadilika: kwanza fuvu lenye mabawa, baadaye uso wa malaika, mwishowe mtungi na mti wa majonzi. Imani ya jamii nzima inageuka mbele ya macho yako, na hujachimba hata inchi moja.

4. Jifunze kusoma tarehe, la sivyo utachanganyikiwa

Hapa ndipo wengi wanapokwama, nami nilikwama hapohapo. Kitabu kimoja kinasema Clovis ni ya miaka 11,000 iliyopita. Kingine kinasema 13,000. Nani mwongo? Hakuna.

Upimaji kwa kaboni 14 ulianzishwa Chicago na Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940, na ulimpa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960. Mti au mnyama akifa, kaboni 14 iliyomo mwilini hupungua kwa kasi inayojulikana. Ukipima iliyobaki unapata umri. Shida ni kwamba kiasi cha kaboni 14 hewani hakikuwa kilekile zama zote. Kwa hiyo miaka ya kaboni hailingani na miaka ya kalenda, na kwa enzi ya Clovis inapungua kwa miaka kama 2,000. Vitabu vya zamani huandika miaka ya kaboni, vipya huandika iliyokwisha kusahihishwa kwa pete za miti (mti huongeza pete moja ndani ya shina kila mwaka) na vipimo vingine. Kabla hujaandika tarehe yoyote kwenye daftari, tafuta katika dibaji au tanbihi mwandishi ametumia ipi. Na ukikuta herufi BP baada ya namba, hesabu inaanzia 1950 kurudi nyuma, wala haianzii siku unayosoma.

Kusini magharibi mwa Marekani wana bahati ya pete za miti. A. E. Douglass, aliyekuwa mtaalamu wa nyota akitafuta alama za jua ndani ya miti, alikuwa na mfululizo wa pete kutoka miti hai na mwingine kutoka boriti za magofu, lakini miwili hiyo haikuungana. Mwaka 1929, huko Show Low, Arizona, kikapatikana kipande cha boriti iliyoungua kilichoziba pengo. Kuanzia jioni ile nyumba za Wapueblo wa kale zikapata miaka kamili ya kukatwa kwa mbao zake.

Vitabu vya kihistoria vina hesabu yao, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Viko vya udongo mweupe vya Waingereza vilivunjika kila siku na kutupwa, kwa hiyo vimejaa kila shimo la kikoloni. Mwaka 1954 J. C. Harrington alichukua ncha za drili za ukubwa mbalimbali, akapima tundu za mirija ya viko, akagundua kwamba tundu zilizidi kuwa nyembamba kadiri miaka ilivyosonga, toka karne ya 17 hadi ya 18. Mwaka 1962 Lewis Binford akaigeuza kuwa hesabu: chukua wastani wa tundu kwa kipimo cha sehemu za 64 za inchi, zidisha kwa 38.26, kisha toa jibu kwenye 1931.85. Tuseme jedwali la kitabu chako linaonyesha wastani wa 7. Saba mara 38.26 ni 267.82. Ukitoa unabaki na 1664. Wastani ukiwa 5, unapata 1740 na nusu. Chukua kalamu ujaribu na jedwali la kitabu ulicho nacho. Wakati mwingine utakuta mwandishi ameandika maneno yasiyolingana na namba zake. Tahadhari: hesabu hii inahitaji vipande vingi, na haiaminiki kwa viko vya mwisho wa karne ya 18 kwenda mbele.

5. Anza na michoro, maneno yafuate

Ripoti ya uchimbaji haisomwi kama riwaya. Mimi hufuata mpango huu. Kwanza ramani ya eneo: mto uko wapi, shimo liko wapi. Pili mchoro wa ukuta wa shimo, ule unaoonyesha matabaka kama keki iliyokatwa. Tatu jedwali la vitu kwa tabaka. Nne jedwali la tarehe. Ndipo nasoma sura ya mwisho, na nikishaijua hoja ya mwandishi narudi mwanzoni kuona kama ameijenga au ameiazima.

Wachimbaji wa Marekani, hasa wa maeneo ya kikoloni, hupima kwa futi, na futi hiyo huigawa sehemu kumi badala ya inchi kumi na mbili. Usishangae kukuta kina cha futi 1.7. Zidisha kwa 30.5 upate sentimita.

Picha za vyombo usizirukie. Ivor Noël Hume aliandika mwongozo wa vitu vya Amerika ya kikoloni uliopangwa kwa alfabeti, chupa, vifungo, vitasa, viko, na wachimbaji wameutumia tangu miaka ya 1970. Uweke pembeni unaposoma kitabu kingine chochote cha kihistoria, kama kamusi. Baada ya wiki chache utaanza kujua chupa ya mvinyo ya 1690 kwa kitako chake.

6. Tenga kilichoonekana na kilichosemwa

Sasa nirudi New York. Mwaka 1991 serikali kuu ilikuwa ikijenga jengo la ofisi katika Manhattan, mtaa wa Broadway. Ramani za zamani zilionyesha makaburi ya Weusi, lakini waliopanga ujenzi walidhani yamekwisha kuharibika. Chini kabisa, zaidi ya mita tano mahali pengine, makaburi yalikuwepo. Yalitolewa mabaki ya watu 419, huku makadirio ya waliozikwa eneo zima yakiwa 15,000, Waafrika na wazao wao waliozikwa hadi miaka ya 1790. Waamerika Weusi waliandamana, uchimbaji ukasimamishwa 1992, na utafiti ukahamia Chuo Kikuu cha Howard chini ya Michael Blakey. Mwaka 2003 watu wale walizikwa upya palepale, ndani ya majeneza yaliyochongwa Ghana. Ripoti zake ziko bure mtandaoni, na kama utasoma ripoti moja tu maishani, soma hiyo.

Soma hasa habari za kaburi namba 101. Juu ya kifuniko cha jeneza kulikuwa na misumari midogo iliyopangwa umbo kama moyo. Hilo limeonekana, limepigwa picha, halibishaniwi. Watafiti wakapendekeza kwamba ni sankofa, alama ya Waakan wa Ghana ya kurudi kuchukua ulichokiacha nyuma. Hilo limesemwa. Baadaye wengine wakauliza: je, alama hiyo ilikuwa ikitumika karne ya 18? Na majeneza ya Waingereza wa wakati ule hayakuwekwa mioyo ya misumari? Ubishi huo haupunguzi uzito wa kaburi. Unakufundisha kushika penseli. Mimi huchora mstari ulionyooka chini ya sentensi ya kilichoonekana na mstari wa mawimbi chini ya sentensi ya maelezo. Kitabu kizuri kina yote mawili kwa kiasi. Kitabu chenye mawimbi matupu kinanitia wasiwasi.

Kwa msomaji wa Kongo kuna mfano wa karibu zaidi. Katika mito ya South Carolina, kando ya mashamba ya mpunga yaliyolimwa na watumwa, wapiga mbizi wameokota bakuli za udongo zilizofinyangwa kwa mkono, baadhi zina msalaba uliochorwa kwenye kitako. Vyungu vya namna hii vilipachikwa kwanza kwa Wenyeji tu. Leland Ferguson, katika Uncommon Ground ya 1992, alisema watumwa walivifinyanga pia, na akailinganisha ile alama na duara la Bakongo lenye msalaba ndani, linaloonyesha safari ya jua na ya mtu kati ya walio hai na waliokufa. Wengine wamelikubali wazo hilo, wengine wamelipinga. Mtu aliyelelewa na bibi wa Kikongo anaweza kuwa na la kuongeza hapo kuliko profesa, mradi achore mstari wa mawimbi chini ya maneno yake mwenyewe pia.

7. Vitabu vya kuogopa

Vinauzika kuliko vile vya kweli. Vina dhahabu, piramidi na neno siri kwenye jalada. Vya Waviking kila kona, Wafoinike, wageni kutoka nyota: hivyo ni rahisi kuviacha. Kinachotunasa sisi ni kile kisemacho kwamba vichwa vikubwa vya mawe vya Waolmeki wa Mexico ni sura za Waafrika waliovuka bahari. Nakiri nilikipenda. Nani asingependa? Tatizo liko kwenye shimo. Vichwa vya San Lorenzo vilichongwa kabla ya mwaka 900 KK, na wafalme wa Nubia wanaodaiwa kupeleka merikebu walitawala Misri karne moja na zaidi baadaye. Wala chini ya ardhi ya Waolmeki hakijapatikana kigae, shanga au mfupa wa kutoka Afrika wa zama hizo. Pua pana ni sura ya Wenyeji wengi wa Veracruz hata leo. Kuwanyang'anya wale kazi yao kwa ajili yetu ni kufanya walichofanyiwa wajenzi wa Zimbabwe.

Linganisha na ushahidi wa kweli wa kuvuka bahari kabla ya Columbus. L'Anse aux Meadows, ncha ya kaskazini ya Newfoundland, iligunduliwa 1960 na Helge na Anne Stine Ingstad. Wamekuta misingi ya nyumba za mtindo wa Waviking, mabaki ya ufuaji chuma, pini ya shaba, kijiwe cha kusokotea uzi. Mwaka 2021 mbao zilizokatwa kwa chuma pale zikapewa mwaka kamili, 1021. Watu wachache waliokaa muda mfupi waliacha takataka zote hizo. Basi kitabu kikikuletea taifa zima lililovuka na halikudondosha hata sindano, kirudishe.

8. Wapi kuvipata bila kumaliza mshahara

Vya zamani ni bure. Chochote kilichochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita kimetoka kwenye hakimiliki, na machapisho ya serikali kuu yenyewe hayana hakimiliki tangu mwanzo. Squier na Davis, Cyrus Thomas, na kurasa ambamo Thomas Jefferson anaeleza tuta alilolikata huko Virginia miaka ya 1780, vyote utavipata kwenye maktaba za mtandaoni, Internet Archive au HathiTrust. Internet Archive huazimisha pia baadhi ya vitabu vya karibuni kwa saa moja moja. Saa moja inatosha kuamua kama kitabu kinakufaa. Idara ya hifadhi za taifa ya Marekani imeweka ripoti nyingi mtandaoni. Sheria yao ya 1966 inataka miradi ya serikali kuu iangalie kwanza itaharibu nini cha kale, kwa hiyo kila barabara na bwawa limezaa ripoti, na nyingi hazijawahi kufika dukani.

Kwa vya kununua, tazama mchapishaji. Matbaa za vyuo vikuu vya Florida, Alabama, Arizona na Nebraska zimeshikilia fani hii miaka mingi. Matoleo ya jalada gumu ni ghali mno, subiri la karatasi au nunua lililotumika. Kabla ya kulipa, tafuta mapitio katika jarida la American Antiquity, au la Historical Archaeology kwa vya kihistoria. JSTOR, hazina ya majarida mtandaoni, humruhusu mwenye akaunti ya bure kusoma idadi fulani ya makala kila mwezi. Soma mapitio mawili, la kusifu na la kununa.

Jambo moja la adabu. Vitabu vya zamani vimejaa picha za mafuvu ya Wenyeji yaliyopangwa mezani. Sheria ya Novemba 1990 iliwalazimu makumbusho na taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kurudisha mabaki ya watu na vitu vyao vitakatifu kwa mataifa yao. Mtu wa Kennewick, mwenye miaka karibu 9,000, aliyepatikana jimbo la Washington 1996, aligombaniwa mahakamani miaka mingi. Kipimo cha vinasaba cha 2015 kikaonyesha ana undugu na Wenyeji wa leo, na Februari 2017 wakamzika. Ukisambaza ukurasa kwenye kundi lenu la wasomaji, picha za namna hiyo ziache.

9. Shimo la pili

Ukimaliza la kwanza, yaani kitabu kimoja cha zamani, kimoja kipya na ripoti moja, lirudie lile tofali la jumla. Soma sura inayogusa eneo lako tu. Halafu chagua shimo la pili lililo mbali na la kwanza kwa wakati: ukianza na Folsom, nenda kwenye kihistoria.

Kwa Mswahili wa pwani ninalo pendekezo. Salem, Massachusetts, na miji miwili midogo ya Connecticut, Deep River na Ivoryton. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa Unguja tangu enzi za Sayyid Said, mkataba wake na Marekani ukiwa wa 1833, wakichukua sandarusi na pembe za ndovu na kuleta kitambaa ambacho hadi leo tunakiita merikani. Viwanda vya Connecticut viligeuza pembe hizo, ambazo sehemu kubwa yake ilipitia Unguja, kuwa vitana na vibonyezo vya vinanda. Kwa hiyo ukisoma ripoti ya shimo la choo la karne ya 19 huko New England, ukafika kwenye jedwali la vitu vya mfupa na pembe, usilipite haraka. Angalia safu ya vitana. Kama mwandishi ameandika asili haijulikani, weka alama ya kuuliza pembeni, na chini yake andika Bagamoyo, kwa mstari wa mawimbi.